Tausi wa Thayer, Pundamilia wa Roosevelt: Historia ya Kumficha Mnyama Pichani

Kumficha mnyama ndani ya picha ni mchezo wenye kanuni chache. Washindani hupewa mnyama mmoja, tuseme paka, bundi au mjusi, ambaye amekwisha kukatwa kutoka kwenye picha yake ya asili. Kila mmoja humpeleka katika mandhari anayoitaka, iwe soko, msitu au sebule iliyojaa vitabu, kisha wenzake humtafuta. Mnyama lazima abaki wa kutambulika: kumpunguza hadi awe nukta ni uhuni, na kumfunika kabisa kwa jani ni uhuni mkubwa zaidi. Mashindano ya kirafiki mara nyingi hayana zawadi ya fedha. Mshindi hupewa heshima ya kuchagua mnyama wa raundi inayofuata, basi.

Wengi huuhesabu mchezo huu kuwa mtoto wa kompyuta. Ukweli ni kwamba kanuni yake kuu ilionyeshwa hadharani Novemba 1896, mjini Cambridge, Massachusetts, kwa viazi vitamu. Mwaka 2026 unatimiza miaka 130 tangu siku hiyo, na aliyeionyesha hatajwi sana na wanaonufaika na ujuzi wake.

Kabla ya viazi, picha za mafumbo zilikuwa biashara ya wachapaji na magazeti. Mwaka 1872 kampuni ya Currier & Ives ya New York ilitoa The Puzzled Fox, mchoro wa mbweha aliyezungukwa na matawi ambayo, ukiyakazia macho, yana farasi, mwanakondoo, nguruwe mwitu na nyuso za watu. Oktoba 1892 jarida la ucheshi la Fliegende Blätter la Munich likachapa kichwa ambacho ukikitazama hivi ni bata, ukikitazama vile ni sungura. Mwanasaikolojia Joseph Jastrow alikipa umaarufu mwaka 1899 alipokitumia kueleza kwamba akili nayo ina mkono katika kuona. Michoro hiyo yote ilificha kwa mstari, mgongo wa farasi ukawa pia ukingo wa tawi. Kwenye picha ya kamera ujanja huo hauna nguvu, kwa kuwa kamera haijui mistari. Inachokipokea ni mwanga.

Mwanga ndio uliomshughulisha Abbott Handerson Thayer, mchoraji aliyezaliwa Boston mwaka 1849 na kujulikana kwa picha za wasichana wenye mabawa ya malaika. Siku ile ya Novemba aliwatoa nje wataalamu wa ndege waliokuwa na mkutano wao Cambridge, akawaonyesha viazi vitamu vilivyoshikiliwa na waya inchi chache juu ya ardhi. Baadhi vilikuwa na rangi moja ya udongo mwili mzima. Vingine vilikuwa na rangi hiyohiyo mgongoni, lakini ilipauka polepole kuelekea chini hadi tumboni ikawa karibu nyeupe. Watazamaji waliporudi nyuma, viazi vya kwanza viliendelea kuonekana vizuri, kila kimoja na kivuli chake tumboni. Vya pili vilipotea machoni.

Sababu yake ni nyepesi ikishaelezwa. Jua hupiga kutoka juu, kwa hiyo kitu cha mviringo hung'aa mgongoni na kuingia giza tumboni. Jicho huisoma tofauti hiyo na kujua kwamba pale pana mwili. Mgongo ukikolezwa na tumbo likapaushwa, rangi na mwanga hufutana, mwili ukabaki bapa kama sehemu ya ardhi iliyo nyuma yake. Jodari ana rangi za mpango huo, papa vilevile, na swala kadhaa. Mwaka huohuo wa 1896 Thayer aliieleza kanuni hiyo katika The Auk, jarida la wataalamu wa ndege wa Marekani, na mpaka leo kuna wanaoiita sheria ya Thayer.

Kosa lake lilikuwa kutojua pa kuishia. Mwaka 1909 alitoa kitabu kikubwa, Concealing-Coloration in the Animal Kingdom, kwa jina la mwanawe Gerald, na humo alidai kwamba karibu kila rangi ya mnyama ipo ili kumficha. Tausi, ndege anayetangaza uzuri wake kuliko wote, alichorwa msituni huku shingo yake ya buluu ikiyeyuka katika vipande vya anga vilivyoonekana kati ya majani. Pundamilia eti hujificha katika matete anapokwenda kunywa maji. Heroe nao, kwa maelezo ya Thayer, ni wa waridi ili wafanane na anga la mapambazuko na la machweo, saa ambazo adui angewatafuta.

Aliyewahi kusimama kando ya ziwa Natron au Nakuru jua likizama anajua shida ya hoja hiyo. Ndege akiwa kati yako na anga linalowaka huonekana mweusi, awe wa waridi, mweupe au wa kijani.

Mtu aliyejitwika kazi ya kumjibu Thayer alikuwa Theodore Roosevelt. Alitoka Ikulu ya Marekani Machi 1909, na Aprili 21 akashuka Mombasa akiongoza msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya Taasisi ya Smithsonian. Kwenye Reli ya Uganda alipenda kuketi mbele kabisa ya injini, juu ya benchi lililofungwa pale, wanyama wakipita kulia na kushoto hadi nyanda za Kapiti. Kwa karibu mwaka mzima alizunguka Sotik, Naivasha, pande za Mlima Kenya na Uganda, kisha akateremka na Nile hadi Khartoum. Yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512. Hesabu hiyo leo inatia kichefuchefu, ila ilimpa jambo moja ambalo Thayer, aliyeishi New Hampshire, hakuwa nalo: alikuwa amewatafuta pundamilia kwa macho yake, siku baada ya siku, akiwa na sababu ya kutaka kuwaona.

Na aliwaona bila taabu. Katika African Game Trails cha mwaka 1910 aliongeza nyongeza nzima ya kumpinga Thayer, na mwaka uliofuata akatoa makala ya kurasa zaidi ya 100 katika jarida la makumbusho ya historia ya asili ya New York. Hoja zake zilikuwa za mwindaji. Pundamilia na twiga wakiwa uwandani huonekana kutoka mbali sana. Simba huwinda zaidi usiku, na usiku rangi haina kazi kubwa. Kinachomfichua mnyama ni mkia unaopunga na sikio linalocheza, na akitulia tuli anaweza kukosekana machoni hata kama rangi yake haifanani na chochote kilicho karibu. Roosevelt aliandika kwa kejeli, kama mtu aliyezoea majukwaa. Thayer alijibu kwa hasira kwamba wasio wachoraji hawana haki ya kuamua jambo la rangi, jambo ambalo halikumsaidia mbele ya wanasayansi.

Ugomvi huo umesimuliwa mara nyingi kama ushindi wa Roosevelt, na kwa tausi na heroe alishinda. Lakini wawili hao hawakuwa wakigombania kitu kimoja. Roosevelt alizungumzia uwanda, ambako mnyama hutembea, mwanga hubadilika na mtazamaji naye husogea. Thayer alizungumzia picha: mnyama mmoja ametulia, anaonekana kutoka upande mmoja, kwa dakika moja iliyochaguliwa. Alipomchora tausi wake alichagua yeye mwenyewe kila jani na kila pengo la anga. Hivyo ndivyo anavyofanya leo mshindani anayemficha bundi kwenye gome la mti. Nje, mbugani, Thayer alishindwa. Ndani ya fremu hajawahi kushindwa.

Pundamilia mwenyewe amewakatalia wote. Utafiti wa Tim Caro na wenzake, uliochapishwa 2014, ulihusisha milia na maeneo yenye nzi wauma, wakiwemo mbung'o. Mwaka 2016 Amanda Melin, Caro na wenzao walichukua picha za pundamilia zilizopigwa Tanzania, wakazichuja kwa kompyuta ili zionekane kama simba na fisi wanavyoona. Zaidi ya mita 50 mchana, milia ilikuwa imeshayeyuka kwa jicho la simba. Kwa umbali huo milia haimfichi wala haimfichui, na mwindaji huenda amekwisha kumsikia au kumnusa.

Vita viliichukua elimu ya Thayer na kuipa kazi nyingine. Yeye alikufa 1921. Katika Vita Kuu ya Pili mwanazoolojia Mwingereza Hugh Cott, aliyetoa kitabu kikubwa kuhusu rangi za wanyama mwaka 1940, alifundisha wanajeshi kuficha mizinga kwa kuzimua vivuli. Baada ya vita alikuja kuwachunguza mamba wa Uganda.

Upande wa picha, vyumba vya giza vilikuwa na mafundi wa kuunganisha negativu kadhaa tangu miaka ya 1850. Kompyuta iliifanya kazi hiyo iwe ya watu wengi. Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alianza mwaka 1987 kuandika programu ambayo yeye na nduguye John waliikuza, na Februari 1990 Adobe ikaiuza kwa jina la Photoshop. Tabaka, yaani uwezo wa kumweka mnyama juu ya mandhari kama kioo juu ya meza bila kuigusa meza, lilikuja na toleo la tatu mwaka 1994. Miaka miwili baadaye vijana wa Berkeley wakatoa GIMP, programu ya bure ya kazi hiyohiyo. Mashindano ya kuhariri picha yakachipuka kwenye intaneti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na tovuti ya Worth1000, iliyoanza 2002, ikawa uwanja wake mashuhuri, ikitoa mada mpya na kupokea kura za washiriki.

Kazi yenyewe ya kuficha, ukiiangalia kwa karibu, ni viazi vya Thayer vikirudi. Chukua paka wa kijivu anayepelekwa kwenye rundo la mawe. Anayeanza huhangaika na rangi: humtia paka ukijivu wa mawe mpaka zifanane kabisa, na bado paka huonekana papo hapo. Alipigwa picha dirishani, mwanga ukitoka kushoto, ilhali mawe yameangazwa na jua la juu. Fundi humtia giza mgongoni na kumtia nuru tumboni hadi mwili ulale bapa. Halafu hushughulikia kingo, kwa sababu manyoya yaliyokatwa vibaya huacha uzi mweupe kuzunguka mwili. Nyayo nazo zinataka kivuli chembamba pale zinapogusa jiwe, la sivyo mnyama ataelea. Mwisho ni chembechembe: picha iliyopigwa gizani ina mchanga wa kamera, na paka laini juu ya mandhari yenye mchanga hujitangaza kama mgeni aliyevaa suti shambani. Baada ya hayo yote hutupiwa unyasi mmoja mbele yake, ukatize mgongo. Wanaojua huanza na unyasi huo, wakachagua mahali kutokana nao.

Ustadi uleule nje ya mchezo umeitwa udanganyifu. Oktoba 2007 idara ya misitu ya jimbo la Shaanxi, China, ilitangaza picha za simbamarara wa kusini mwa China akiwa vichakani, zilizoletwa na mkulima Zhou Zhenglong, na kumpa zawadi ya yuan 20,000. Watu wa intaneti wakagundua kwamba mnyama hageuzi hata sharubu kutoka picha moja hadi nyingine. Asili yake ilipatikana kwenye bango la mwaka mpya. Hapakuwa na uhariri wa kompyuta wowote. Bango lilisimamishwa kwenye majani na kupigwa picha. Maofisa kadhaa walipoteza kazi, na Zhou akatiwa hatiani 2008. Mbinu yake haikuwa mbali sana na ya mshindani yeyote, isipokuwa mshindani humwambia mtazamaji mapema kwamba amefichwa mnyama.

Desemba 2015 mchoraji wa Hungaria, Gergely Dudás, aliweka panda mmoja kati ya watu wa theluji, na kwa siku chache nusu ya Facebook ilikuwa ikimtafuta. Ni mchoro, na unarudi kwenye njia ya Currier & Ives, lakini uliwafanya watu wengi watamani kujaribu kwa picha zao wenyewe, wengine kwa simu tu.

Miaka ya karibuni ina mengi ya kuona na machache ya kusimulia. Programu zinazobuni picha nzima kutokana na maneno humwaga mafumbo ya wanyama kila siku, mengi yakiwa na paka asiye na mguu wa nyuma au jani lenye jicho. Walioshikilia desturi ya zamani wanadai kila mshindani awasilishe mandhari asilia pamoja na faili yenye tabaka. Watafutaji wakikata tamaa, tabaka la mandhari huzimwa kwa kubonyeza mara moja, na paka hubaki peke yake kwenye skrini tupu, mgongo mweusi na tumbo jeupe, amekaa palepale alipokuwa.