Mgeni Jangwani: Kazi, Utii na Ukarimu Kando ya Moto

Anayelipia safari ya kikundi ya kupiga kambi katika jangwa la Namib hununua vitu viwili ambavyo kwa kawaida haviuzwi pamoja: kuhudumiwa na kufanyishwa kazi. Lori linaondoka Windhoek na abiria kumi au kumi na wawili, wengi wao wakiwa wameonana kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Kabla jua halijatua, kila mmoja amekwisha kukabidhiwa hema alisimamishe mwenyewe, na jina lake limo katika zamu ya kukata mboga, kuosha vyombo au kufagia lori. Sahani zikishatoka kwenye mabeseni hazifutwi kwa kitambaa, kwa hofu ya kuambukizana maradhi ya tumbo. Abiria husimama, kila mmoja na sahani zake mkononi, wakizipunga hewani mpaka zikauke. Meneja anapunga, mwanafunzi anapunga. Desturi hii ndogo ya safari za malori ni jibu mojawapo la swali ambalo kila jamii iliyovuka jangwa ililazimika kulijibu: asiyelijua jangwa apewe nafasi gani miongoni mwa wanaolijua?

Majibu yametofautiana sana. Kambi ya Namib humtia mgeni kazini. Sahara ya karne ya 14 ilimtaka alipe na atii. Misafara ya Afrika Mashariki ilimpa kila mtu chungu cha kushirikiana na wenzake. Mabedui wa Arabuni walimketisha, wakamzuia asinyanyue hata kikombe. Nao Waanangu wa Australia ya kati humwomba mgeni akubali kwamba yapo mambo ambayo hataambiwa.

Tuanze na Namib, ambako kumtegemea mwongozaji kumefichika vizuri. Kambi ya Sesriem ndiyo mlango wa kwenda bonde la Sossusvlei. Waliolala ndani ya hifadhi hufunguliwa lango la ndani kama saa moja kabla ya jua kuchomoza. Waliolala nje hungoja jua litoke. Kwa hiyo kahawa hunywewa gizani, kisha huja kilomita 45 za lami mpaka kwenye tuta la mchanga lililopewa jina kwa hesabu hiyo hiyo, Dune 45. Wanaowahi hulipanda kwa kufuata ukingo wake, upande mmoja ukiwa mwekundu kwa mwanga na wa pili ungali kizani. Mbele zaidi lami hukoma, na kilomita kama tano za mwisho ni mchanga mtupu, usiopitika ila kwa gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Huko ndiko kwenye bonde la Deadvlei, lenye miti iliyokufa karne nyingi zilizopita na bado imesimama, kwa kuwa ukame hauiruhusu kuoza. Mwongozaji anayajua haya yote, ila si yeye pekee anayeyajua: yamo katika ramani, katika kibali na katika saa za lango. Akiugua, kampuni italeta mwingine.

Ibn Battuta hakuwa na mwingine. Msafiri huyu wa Tangier, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa kwa jahazi, alivuka Sahara mwaka 1352 pamoja na msafara wa wafanyabiashara kutoka Sijilmasa kwenda Walata. Njiani walipita Taghaza, mji wa machimbo ya chumvi ambako hata kuta za nyumba zilijengwa kwa mabonge ya chumvi na mapaa yake yalikuwa ngozi za ngamia. Baada ya hapo palikuwa na mwendo wa siku kumi bila maji ya uhakika. Msafara ulimwajiri mtu wa kabila la Massufa, aliyeitwa takshif, kwa mithkali mia moja za dhahabu. Kazi yake ilikuwa kutangulia peke yake mpaka Walata na barua za wasafiri, ili watu wa huko watoke na maji kuwalaki jangwani, mwendo wa siku nne. Takshif akipotea, Walata haipati habari, na msafara unaweza kuangamia. Aidha, Ibn Battuta anasimulia kwamba kiongozi wao alikuwa chongo, na jicho lake la pili lilikuwa gonjwa. Hata hivyo hakuna aliyeijua njia kumshinda.

Hapa tofauti ni ya uzito. Abiria wa Namib akimwudhi mwongozaji wake, atapata safari isiyo na raha. Aliyeachana na msafara wa Sijilmasa alilipa kwa roho yake. Ibn Battuta anamtaja mwenzao mmoja, Ibn Ziri, aliyegombana na binamu yake, akabaki nyuma kwa hasira, asionekane tena. Kabla ya siku hiyo Ibn Battuta na wenzake walikuwa na mazoea ya kuutangulia msafara wakitafuta malisho ya wanyama wao. Baada yake hakutangulia tena wala hakubaki nyuma.

Sheria hiyo ya mwendo, iliyofunzwa na hofu kule Sahara, huku kwetu ilifunzwa kwa faini. Misafara ya Wanyamwezi na Waswahili iliyopanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji haikuvuka jangwa kamili, ila ilikuwa na vipande vyake vya kiu, kikiwemo cha Marenga Mkali, nyika kavu ya kuingilia Ugogo. Vipande hivyo vilivukwa kwa terekeza: watu walipika na kunywa maji asubuhi, wakaondoka mchana, wakatembea hadi usiku, wakalala bila maji, kisha wakaamka alfajiri ili wayafikie maji mengine kabla ya jua kali. Mbele ya wote alikwenda kirangozi na bendera yake. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, anaeleza kwamba mtu aliyethubutu kumpita kirangozi alichomolewa mshale kwenye podo lake, na hakurudishiwa mpaka alipe.

Jioni msafara huo mkubwa uligawanyika. Wapagazi waliketi vikundi vikundi, kila kikundi na moto wake na chungu chake, na kazi za kuni, maji na mapishi ziligawanywa humo humo. Katika hili abiria wa lori wanafanana na wapagazi kuliko wanavyofanana na matajiri wa misafara. Lakini mfanano huo una kinyume chake. Mpagazi alifanya kazi kwa ujira, na tajiri aliyemwajiri hakuosha sufuria. Katika Namib anayeosha sufuria ndiye aliyelipa, na bei yake ilipungua kwa sababu alikubali kuiosha. Wala tusiipambe misafara yetu kupita kiasi. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliojua thamani ya kazi yao, ila njia hizo hizo zilipitishwa pia watumwa katika minyororo. Mduara wa chungu kimoja haukumkumbatia kila aliyekuwa safarini.

Tukivuka bahari kwenda Arabuni, mambo yanageuka. Huko kumpa mgeni kazi ni kuivunjia nyumba heshima. Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyevuka Rub' al Khali kwa ngamia pamoja na Mabedui wa Bait Kathir na Rashid katika miaka ya 1946 hadi 1948, na ambaye uzeeni aliishi Maralal kaskazini mwa Kenya, anasimulia kisa cha sungura. Msafara wake ulikuwa na njaa ya siku nyingi. Sungura akapatikana, akapikwa, wakaketi kumsubiri kwa uchu. Mara wakatokea Waarabu watatu. Wenzake Thesiger waliwakaribisha, wakawapa kahawa, kisha wakawaandalia sungura yule mzima na mkate, wakisema kwa uso mkunjufu kwamba ni Mungu aliyewaleta. Thesiger anakiri kwamba wakati ule alikuwa na hasira ya kuua.

Ukarimu huo ulikwenda pamoja na ulinzi. Aliyetaka kupita nchi ya kabila lisilo lake alimtafuta rabia, mtu mwenye uwezo wa kumhifadhi kwa jina la kabila lile. Kumdhuru mgeni kulikuwa kumdhuru yeye. Ukarimu huo ulikuwa na mpaka pia. Mafundisho ya Kiislamu yanahesabu ukarimu kuwa siku tatu, na kinachozidi ni sadaka. Mswahili naye anayo hesabu yake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wote wawili wanakubali kwamba ugeni una mwisho, ila mmoja baada ya mwisho huo anaongeza wema, na mwingine anamwonyesha mgeni shamba. Lori la Namib limekwenda mbali kuliko wote: jembe hutolewa jioni ya kwanza.

Katika Oman ya leo, safari za kupiga kambi katika mchanga wa Sharqiya zimebakisha sehemu ya adabu hiyo. Madereva husimama Bidiyah kupunguza upepo wa matairi ili yatanuke na yasizame mchangani, kisha huingia kati ya matuta. Kambini kahawa yenye iliki humiminwa kutoka kwenye dele kwa mkono wa kushoto, na finjani hutolewa kwa mkono wa kulia, pamoja na tende. Mgeni akitosheka huitikisa finjani kidogo; asipoitikisa, itajazwa tena. Kwa msomaji wa pwani hakuna jipya hapo, kwani dele ni lile lile la barazani Lamu na Zanzibar. Sharqiya ndiko walikotoka wengi wa Waarabu waliohamia Unguja, Waharthi wakiwemo, na baadhi ya wazao wao waliorudi bado wanazungumza Kiswahili. Hata hivyo ukarimu wa kambi ya kulipia haulingani na ule wa sungura. Aliyempa mgeni sungura alibaki na njaa. Aliyeuza usiku wa kambi anabaki na fedha. Kwamba adabu ya finjani imedumu ijapokuwa uchumi wake umebadilika, hilo si dogo.

Australia inaleta jibu la tano. Vikundi vidogo vinavyosafiri kwenda kwenye mwamba wa Uluru hulala nje bila hema, kila mtu ndani ya turubai lililoshonewa godoro, kandokando ya moto wa kuni zilizookotwa njiani. Kazi za kambi zinafanana na za Namib. Kinachotofautiana ni mamlaka. Uluru ilirudishwa kwa Waanangu tarehe 26 Oktoba 1985, nao wakaikodisha serikali kwa miaka 99 iwe hifadhi. Kwa miaka mingi waliwasihi wageni wasiupande mwamba huo. Tarehe 26 Oktoba 2019 kuupanda kulipigwa marufuku kabisa. Baadhi ya sehemu zake haziruhusiwi kupigwa picha, na katika hadithi za Tjukurpa, ambayo kwa Waanangu ni dini na sheria kwa pamoja, yapo yanayofunzwa kwa waliostahili tu. Sahara iliuza elimu ya njia kwa dhahabu. Waanangu huwaambia wageni sehemu, na iliyobaki haina bei.

Tukiziweka mila hizi bega kwa bega, inaonekana kwamba aina ya kazi anayopewa mgeni hutegemea kuwepo kwa mwenyeji. Kwa Mabedui mgeni hakufanya kazi kwa sababu mwenyeji alikuwepo, tayari kulala njaa. Uluru mwenyeji pengine haketi kwenye moto, lakini neno lake linaheshimiwa pale. Katika lori la Namib kila mmoja anafanya kazi kwa sababu, mara nyingi, wote ni wageni: abiria wametoka ng'ambo, na mwongozaji huenda ametoka Zimbabwe au Afrika Kusini. Usawa wa zamu ya vyombo ni jambo la heshima, lakini ni usawa wa watu wasio na wa kuwapokea. Watopnaar wa mto Kuiseb, ambao kwa vizazi wameishi kwa tikiti za mwituni za nara katika jangwa hilo hilo, wengi hupitwa bila kujulikana. Kwa haki, Namibia imeliona pengo hilo: sheria ya mwaka 1996 iliziruhusu jamii za vijijini kuunda hifadhi zao na kufaidika na utalii, na katika baadhi ya maeneo hayo msafiri hulala kambini kwa wenyeji wenyewe.

Anayechagua safari ya namna hii hulinganisha bei, idadi ya siku na idadi ya wenzake. Aongeze swali moja: kwenye moto ule, mwenyeji atakuwa nani? Jibu likiwa kwamba hakuna, aoshe vyombo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa kambi ya wageni watupu haina njia nyingine ya kusimama. Jibu likiwa jina la mtu au la ukoo, ajifunze kwanza namna ya kupokea finjani, lini aitikise, na lipi asiulize.