Mshiko wa mbele wa bunduki: kazi yake, aina zake, na kwa nini mkaaji wa Katoyi aujue

Katika kartie Katoyi, komini ya Karisimbi, mjini Goma, hakuna mtu mzima asiyejua sauti ya kalash. Lakini shahidi akiulizwa bunduki aliyoona usiku ilifanana namna gani, mara nyingi jibu linakuwa fupi: ilikuwa nyeusi, ilikuwa ndefu. Kumbe kuna sehemu moja inayoonekana hata kwa mbali na hata kwa mwanga wa simu: ile ya mbele, mahali mkono wa pili unaposhika. Sehemu hiyo inaeleza mambo mengi juu ya silaha na juu ya yule anayeibeba.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Siku zile za vita, M23 ilipoingia Goma, kuna maaskari waliotoa silaha zao kwa MONUSCO, na wengine walizitupa njiani pamoja na uniforme na kukimbia. Silaha iliyotupwa haipotei. Inabaki katika choo, katika shimo la mawe ya volkano, ao katika mikono ya mtu.

Mkono wa mbele unafanya nini

Bunduki ya vita inashikwa kwa mikono miwili na bega moja. Mkono wa kuume unakaa penye kifyatulio. Kitako kinakaa begani. Mkono wa kushoto unakaa mbele, na kazi yake ni tatu: kubeba uzito, kuelekeza mtutu, na kuzuia mtutu usipande wakati masasi yanatoka.

Kalash aina ya AKM, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Umoja wa Kisovyeti mwaka 1959, ina uzito wa kilo 3 na kidogo bila masasi. Sharjeri yake ya masasi 30 inaongeza karibu kilo moja. Ikiachiliwa kupiga mfululizo, inaenda kwa mwendo wa masasi 600 hivi kwa dakika. Maana yake sharjeri nzima inaisha kwa sekunde 3. Kila sasi linalotoka linasukuma bunduki nyuma na kuinua mtutu. Mkono wa mbele ukiwa legevu, sasi la kwanza linaenda penye mtu alikusudia, yale yanayofuata yanaenda juu.

Kuna pia moto. Mtutu unapata joto kali sana, na juu yake kuna bomba linalopitisha hewa ya moto inayoendesha mashine ya bunduki. Ndio maana mtutu umefunikwa kwa mbau ao plastiki pale mbele: mkono usiungue.

Namna tatu za kushika

Ya kwanza ni kushika mbau yenyewe, kiganja kikiwa chini yake. Ndiyo ya kawaida. Mkono ukienda mbele zaidi, mtutu unatulia zaidi, lakini joto nalo linakaribia vidole.

Ya pili ni kushika sharjeri. Mafundisho ya jeshi la Kisovyeti yaliruhusu zote mbili, mbau ao sharjeri. Kushika sharjeri kunaepusha joto, lakini mkono unakuwa karibu na mwili na nguvu ya kuzuia mtutu inapunguka.

Ya tatu ni mshiko wa mbele wenyewe: kipande kinachoshuka chini ya mtutu kama mpini wa pili. Unasaidia kuvuta bunduki ibane begani na unaweka vidole mbali na moto. Ubaya wake ni kwamba unakwama katika nguo na mikanda. Tena ukiwekwa vibaya, unazuia mkono kubadilisha sharjeri haraka.

Mshiko upi unafaa inategemea urefu wa mkono, kazi ya askari na bunduki yenyewe. Lakini hakuna mshiko unaochukua nafasi ya mafunzo. Ukimwona mtu anapiga kwa mkono mmoja, ao kitako kikiwa kiunoni, ujue masasi yake hayana mwelekeo. Huyo ni hatari hata kwa mtu ambaye hakumkusudia.

Kwa nyumba ya mbau, hiyo inamaanisha nini

Nyumba nyingi za Katoyi ni za mbau na manjanja. Sasi la kalash linatoka kwenye mtutu likiwa na mwendo wa mita karibu 700 kwa sekunde. Ukuta wa mbau hauwezi kulizuia, na manjanja ndio kabisa. Mtu aliyesimama nyuma ya mlango anajificha macho tu, hajikingi.

Kinachosaidia ni kulala chini kabisa, mbali na mlango na dirisha, na kama nyumba ina msingi wa mawe ya volkano, kulala nyuma ya yale mawe. Hapana kutoka kuangalia, hapana kusimama kupiga video. Na masasi yanayopigwa juu hewani, kwa furaha ao kwa kutisha, lazima yashuke mahali fulani. Katika kartie yenye watu wengi hivi, mahali fulani ni parsela ya mtu.

Kutambua aina kwa sehemu ya mbele

Watu wanaita zote kalash, lakini zilitengenezwa katika inchi nyingi, na kila inchi iliacha alama yake pale mbele.

– AKM ya Kisovyeti: mbau fupi yenye uvimbe pande zote mbili, hakuna mshiko unaoshuka.

– Type 56 ya China, moja kati ya zinazoonekana sana katika mashariki ya Kongo: kwenye ncha ya mtutu, kile kisimamo cha kulengea kimezungushiwa duara lililofungwa juu. Kwenye nyingi kuna pia sindano ndefu ya chuma inayokunjwa chini ya mtutu.

– PM ya mwaka 1963 ya Romania: hii ndiyo inayojulikana kwa mshiko wa mbele. Mbau inashuka chini na kupinda kidogo kuelekea mbele, ili sharjeri ipate nafasi ya kutoka. Ile yenye kitako cha kukunja ina mshiko uliopinda kurudi nyuma.

– AMD-65 ya Hungaria: mtutu mfupi, sehemu ya mbele ni bati lenye matundu, na mshiko unashuka kama ule wa nyuma.

– M70 ya Yugoslavia ya zamani: mbau ya mbele ni ndefu zaidi na ina nafasi tatu za kupitisha hewa kila upande. Nyingine zina nafasi mbili tu.

– Bunduki za kisasa: sehemu ya mbele ina reli za chuma, na mshiko ni wa plastiki, unafungwa na kufunguliwa kwa skuru. Mara nyingi kuna pia taa ao darubini.

Kwa nini hii ina maana

Baraza la usalama la Umoja wa Mataifa liliweka kizuizi cha silaha kwa vikundi vya mashariki ya Kongo mwaka 2003, na mwaka uliofuata likaunda kundi la wataalamu wa kufuatilia. Kazi yao moja ni kuuliza silaha hii ilitengenezwa wapi, iliuzwa kwa nani, ilifikaje hapa. Umbo la mbele linawapa fununu ya kwanza. Lakini si ushahidi wa mwisho, kwa sababu mbau inaweza kubadilishwa: bunduki ya China inaweza kuvaa mbau ya Romania. Kinachohakikisha ni namba na alama ya kiwanda, ambazo kwa kawaida zimechongwa kwenye chuma, upande wa kushoto, juu ya sharjeri. Ndio maana mikataba kama Itifaki ya Nairobi ya 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa 2010, ulioanza kutumika 2017, inadai silaha zote ziwekwe alama.

Kwa mkaaji, faida ni ya karibu zaidi. Wezi wakivamia avenyu, mashahidi watatu wakisema wote kwamba bunduki ilikuwa na mpini wa pili mbele, hiyo ni habari. Wakisema ilikuwa nyeusi, hiyo si habari.

Ukiikuta katika parsela

Sheria ya Kongo ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985 juu ya silaha hairuhusu raia kuwa na silaha ya vita. Na kwa sheria ya mahakama za kijeshi ya 2002, raia anayefanya kosa kwa kutumia silaha ya vita anaweza kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Kijana anayeficha bunduki chini ya kitanda akifikiri ataiuza, ao itamlinda, anaweka nyumba nzima katika matata.

Basi mtu akiikuta afanye hivi:

1. Asiiguse, asiisogeze, asijaribu kutoa sharjeri. Hata sharjeri ikitoka, sasi moja linaweza kubaki ndani ya mtutu.

2. Aangalie udongo kando yake bila kukaribia. Mahali bunduki imetupwa, mara nyingi kuna pia gurunedi ao roketi ambayo haijalipuka.

3. Arudi kwa njia ile ile aliyopitia, na kuzuia watoto. Watoto wanaookota vyuma vya kuuza kwa kilo ndio wako katika hatari ya kwanza. Waambiwe wazi: chuma usichokijua si cha kuuza.

4. Aweke alama mbali kidogo, kwa mawe ao matawi, ili jirani naye asipite.

5. Aite shefu wa nyumba kumi ao shefu wa avenyu, aende naye pamoja na jirani mmoja ao wawili kwa shefu wa kartie. Kwa vitu vya kulipuka, mashefu wanaweza kuitia watu waliosomea kazi hiyo, kama UNMAS, tawi la Umoja wa Mataifa linaloondoa mabomu.

Wengi wananyamaza kwa sababu wanaogopa swali la pili: wewe uliitoa wapi? Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo kanuni kubwa ni kutoibeba. Anayebeba bunduki njiani anaonekana kama mpiganaji, hata akiwa anaipeleka kwa nia njema. Anayefika mikono mitupu, na mashahidi, anaonyesha tu mahali ilipo. Na asisahau kuambia majirani siku ile ile, ili hata yeye akitoka, mtoto wa mwingine asiikute wa kwanza.