Baridi ya Bia: Kutoka Pangoni Mpaka Jokofu Kuukuu

Watu wengi hudhani ya kuwa bia ni kazi ya moto. Huona kimea cha shayiri kikichemshwa, hopsi zikitiwa na mvuke ukipanda, nao hufikiri kwamba chungu kinapoepuliwa kazi imekwisha. Kwa kweli hapo ndipo kazi ianzapo. Moto hutayarisha togwa tu. Kinachogeuza togwa kuwa bia ni chachu, nayo chachu ni kiumbe hai kitawaliwacho na joto na baridi. Kwa hiyo historia ya bia ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliotafuta baridi. Tena ni historia ya swali kwamba baridi hiyo ilikuwa mali ya nani.

Chachu ilapo sukari hutoa kileo na hewa ukaa, na pamoja na hivyo hutoa joto. Joto huongeza kasi ya chachu, na kasi hiyo huongeza joto. Likiachwa bila kizuizi, pipa huwa na joto kuliko chumba lilimowekwa, na bia hupata ukali na harufu asizozikusudia mtengenezaji. Baridi ikizidi, chachu hulala na kazi husimama. Ziko chachu zifanyazo kazi vizuri karibu na digrii 18 au 20 za Selsiasi, na ziko nyingine zitakazo kiasi cha digrii 10. Baina ya kulala na kuwaka ipo njia nyembamba, na anayetaka bia njema hana budi kuifuata.

Watu wa Bavaria waliijua njia hiyo kwa mazoea kabla ya kuijua kwa elimu. Waliona kuwa bia ya majira ya joto huharibika upesi. Mwaka 1553 mtawala wao, Albrecht wa Tano, alipiga marufuku kutengeneza bia tangu tarehe 23 Aprili mpaka tarehe 29 Septemba. Amri hiyo ilifanya kazi ya kipimajoto mahali pasipokuwa na kipimajoto. Bia ilitengenezwa wakati wa baridi, ikawekwa katika mapango na maghala ya chini ya ardhi pamoja na barafu iliyokatwa mitoni na maziwani. Juu ya maghala hayo ilipandwa miti yenye majani mapana ili kivuli chake kizuie jua. Hata jina la lager latokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuweka ghalani.

Kipimajoto nacho hakikupokewa bila ubishi. Huko Uingereza, Michael Combrune alitoa kitabu mwaka 1762 kilichowahimiza watengeneza bia kukitumia. Lakini inasimuliwa kwamba James Baverstock, mtengeneza bia wa Hampshire katika karne hiyo, alilazimika kumficha baba yake kipimajoto chake, kwa kuwa mzee hakupenda mambo mageni. Mzee aliuamini mkono wake na mwana aliamini kioo. Mkono wa fundi haukuwa wa kudharauliwa, maana ulilisha vizazi vingi. Lakini mkono hauwezi kumwachia mwingine hesabu iliyoandikwa, na kipimo chaweza.

Mageuzi makubwa yalikuja katika karne ya 19. Carl von Linde, mwalimu wa elimu ya mitambo mjini Munich, alitafuta namna ya kutengeneza baridi kwa mtambo. Gabriel Sedlmayr wa kiwanda cha Spaten alimpa nafasi ya kujaribu mtambo wake wa kwanza katika miaka ya 1870. Baadaye Linde alitumia amonia, na mtambo wa namna hiyo ukapelekwa katika kiwanda cha Dreher mjini Trieste. Mwaka 1876 Louis Pasteur alitoa kitabu chake juu ya bia na magonjwa yake. Na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza chachu safi kutokana na chembe moja. Tangu hapo fundi hakumngojea tena Desemba. Majira yalikuwa yameingizwa ndani ya nyumba na kutiwa kufuli.

Lakini ufunguo wa kufuli hiyo ulikuwa na bei. Mitambo ilihitaji mtaji mkubwa, na wenye mtaji walikuwa wachache. Viwanda vidogo vingi vilifungwa au vilimezwa na vikubwa. Sheria nazo zilimbana mtu wa nyumbani. Uingereza ilimtaka awe na leseni tangu mwaka 1880, na leseni hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1963. Marekani ilikataza vileo toka mwaka 1920 hata 1933. Na ingawa katazo liliondoka, bia ya nyumbani haikuruhusiwa na sheria ya taifa mpaka Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya mwezi wa Oktoba 1978. Kazi iliyokuwa ya jikoni tangu kale ilikuwa imekuwa kosa.

Ruhusa iliporudi, baridi ilikuwa imekwisha kufika majumbani kwa njia nyingine. Jokofu la umeme lilienea Marekani tangu miaka ya 1920, na mengi yalipochakaa yaliwekwa vibandani. Watengeneza bia wa nyumbani waliona katika jokofu lililotupwa kile alichokiona Sedlmayr katika mtambo wa Linde. Jokofu lenyewe halikufaa kama lilivyo, kwa kuwa limeundwa kutunza chakula karibu na digrii 4, na humo chachu nyingi hulala. Dawa yake ni kidhibiti cha nje kiwekwacho baina ya jokofu na umeme. Kipima chake hufungwa ubavuni mwa chombo na kufunikwa, ili kisome joto la togwa wala si la hewa. Togwa ikipata joto, umeme hupita, ikipoa, hukatwa. Pampu ya jokofu hupewa dakika chache za kupumzika kabla ya kuwaka tena, isije ikaharibika. Mahali penye baridi kali huongezwa kipasha joto kidogo. Jambo moja lataka hadhari: kutoboa ubavu wa jokofu bila kujua mirija ilipopita ni kuliua, na gesi ya majokofu ya zamani hudhuru anga, ndiyo sababu mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 yalianza kuizuia.

Hivyo sanduku kuukuu hutenda yaliyotendwa na pango, amri ya mtawala na mtambo wa amonia. Haifai, hata hivyo, kudhani kuwa sanduku ndilo fundi. Halijui kama chombo ni safi, wala kama chachu ni nzima, wala bia ikomavyo. Baridi imeacha kuwa mali ya wachache. Usafi, subira na ujuzi havikupata kuuzwa pamoja nayo, na kila mtengenezaji hujitafutia mwenyewe.