Kanisa Lilijengwa na Jumuiya, Si Bahasha

Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa pesa ambazo Rais Ruto alikuwa ametoa kwa kanisa Katoliki la Soweto, Kayole. Mtandaoni tulishangilia siku mbili tatu, kisha tukasonga. Swali ambalo wengi hatukuuliza ni hili: bahasha ya mwanasiasa ikirudishwa, nyumba ya padre itajengwa na nani? Jibu lina historia, na historia yenyewe iko kwa sebule ya jirani yako.

Turudi nyuma kidogo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's, Nairobi, mwaka wa 1899. Wamisionari wa Consolata wakafika Tuthu, Murang'a, 1902. Enzi hizo parokia ilikuwa misheni: padre mzungu, shule, zahanati, shamba. Pesa nyingi zilitoka ng'ambo, na maamuzi pia. Lakini padre mmoja angefikaje kila kijiji? Aliyeshikilia imani mashinani alikuwa katekista, mtu wa kutembea kwa miguu, kufundisha sala na kuandaa watu kwa ubatizo. Wamisionari tunawasifu sana, katekista tunamsahau. Hiyo si haki, bana.

Halafu ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, uliosema wazi kwamba Kanisa ni taifa la Mungu, walei wakiwemo. Congo walianza mapema kujaribu jumuiya ndogo. Huku kwetu, maaskofu wa AMECEA, muungano wao wa Afrika Mashariki ulioanza 1961, walikutana Nairobi 1973, na tena 1976, wakaamua Kanisa lijengwe kuanzia chini, kwa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Sababu ilikuwa rahisi kuelewa. Mapadre wachache, waumini wengi, parokia kubwa mpaka mtu anaweza kukosa misa miezi mitatu na hakuna anayejua kama amehama au amelazwa.

Jumuiya ikaziba hilo pengo. Familia za mtaa mmoja, mtakatifu msimamizi mmoja, mkutano wa kila wiki unaozunguka nyumba kwa nyumba. Mnasoma Injili ya Jumapili inayokuja, mnaulizana inasema nini kuhusu maisha yenu, mnaombea wagonjwa, mnachanga kidogo. Hakuna padre hapo. Anayeongoza ni mama mboga, fundi wa viatu au mwalimu mstaafu. Na wakati wa Kwaresima, vile vijitabu vya Tume ya Haki na Amani huwaketisha watu haohao kujadili ufisadi, ardhi na uchaguzi. Sinodi ya Afrika ilipokutana Roma 1994 na kuliita Kanisa Familia ya Mungu, mama wa jumuiya hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa anaishi hivyo tayari.

Sasa tuambiane ukweli. Sehemu nyingi jumuiya imegeuka ofisi ya michango. Unataka mtoto abatizwe? Leta barua ya jumuiya. Harusi? Barua. Mwanakijiji amefiwa, swali la kwanza ni kama alikuwa amelipa. Vijana wanaona hivyo, wanaamua kwenda misa tu na kurudi nyumbani. Siwalaumu wote. Mtu wa miaka 22 asiye na kazi akiitwa kila wiki kuchanga, atajificha.

Lakini angalia tunapoteza nini. Watu wachache wakibaki kubeba parokia nzima, wanachoka. Wakichoka, harambee inapangwa, mgeni wa heshima anaalikwa, na mgeni wa heshima siku hizi haji bila maikrofoni. Bahasha huingia pale ambapo jumuiya imelegea. Ndiyo maana uamuzi wa Askofu Anyolo hautadumu kwa tamko peke yake. Utadumu ikiwa watu kumi na watano kwa sebule fulani wako tayari kutoa kidogo chao na kuulizana kilitumikaje.

Kwa hivyo wazee wa jumuiya, punguzeni daftari, rudisheni Injili na kutembelea wagonjwa. Na sisi vijana, kama tulishangilia pesa zikirudishwa, tusingoje siku ya kuhitaji barua ndipo tujue jumuiya yetu hukutana wapi.

Yako inaitwa Mtakatifu nani? Na mara ya mwisho ulienda lini?