Waliomsikia Mungu ndani yao, na waliowaonyesha mlango

Mwaka 2027 itatimia miaka 100 tangu Kaimosi igawanyike. Katika misheni hiyo iliyo sasa kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, waumini wa Kanisa la Marafiki walianza kutetemeka, kulia na kunena kwa lugha wakati wa sala, na kanisa lililowalea likawaonyesha mlango. Kizazi chao ndicho tunachokutana nacho barabarani Jumapili: kanzu nyeupe, vilemba, misalaba myekundu, ngoma ikitangulia. Waliobaki ndani ni Marafiki, ambao dunia inawaita Quaker. Kenya inao zaidi ya 100,000, wengi kuliko nchi nyingine yoyote.

Ni mwaka ambao sidhani kama kuna upande utakaoukimbilia kwa shangwe. Hata hivyo ugomvi wenyewe haukuzaliwa Kaimosi. Ulikuja na mizigo kutoka ng'ambo.

George Fox, mtoto wa mfumaji wa nguo, alizaliwa mwaka 1624 huko Leicestershire, Uingereza. Akiwa kijana alihangaika kutoka kwa kasisi huyu hadi yule akitafuta wa kumtuliza moyo, asimpate. Mwaka 1647, kwa maelezo yake mwenyewe, alisikia sauti ikimwambia kwamba Kristo ndiye awezaye kusema na hali yake. Akatoka na fundisho lililowakera wenye makanisa: nuru ya Kristo imo ndani ya kila binadamu, awe bwana au mtumwa, mwanamume au mwanamke, na anayeitii hahitaji kasisi wa kumpeleka kwa Mungu. Msingi aliupata katika Injili ya Yohana, mlango wa kwanza, mstari wa tisa. Wafuasi wake walikaa kimya wakingoja, mpaka mmoja wao aguswe na kusimama kusema. Wengine walitetemeka mwili mzima, na hakimu mmoja wa Derby akawabandika mwaka 1650 jina la utani lililowaganda hadi leo. Walikataa kumvulia kofia mtu yeyote. Wakajaa magerezani.

Hayo yanajulikana. Lisilosimuliwa sana ni lile la James Nayler.

Nayler alikuwa mkulima wa Yorkshire aliyewahi kuwa askari wa jeshi la Bunge katika vita dhidi ya mfalme. Siku moja mwaka 1652, akiwa shambani nyuma ya plau, alisikia sauti ikimwagiza aondoke kwa watu wake. Alichelewa kutii, akaugua. Alipopona akamsindikiza rafiki getini, akiwa na nguo kuukuu na bila senti mfukoni, na hakurudi ndani kuaga. Miaka mitatu baadaye alikuwa London, na wapo waliomwona kuwa mhubiri hodari kuliko Fox. Sauti yake iliwavuta watu wa kila daraja. Miongoni mwao alikuwamo Martha Simmonds, mwanamke aliyeamini kuwa Kristo amejaa ndani ya Nayler kupita kiasi cha kawaida.

Fox hakupendezwa. Walipokutana katika gereza la Exeter mwaka 1656, Nayler akiwa mfungwa, alitaka kumbusu mwenzake. Fox alikwepa, akamnyooshea mguu abusu huo. Watu wawili waliohubiri kwamba Mungu amo ndani ya kila mtu wakashindwa kusalimiana.

Oktoba mwaka huohuo, baada ya kuachiwa, Nayler aliingia Bristol juu ya farasi. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wafuasi wachache, wanawake wakiwa mbele, walishika hatamu na kukanyaga matope wakiimba utakatifu wa Bwana, kama umati wa Yerusalemu siku ya matawi. Walikamatwa mara moja. Mifukoni mwake zilipatikana barua za kumtukuza, na Dorcas Erbery, mmoja wa wanawake hao, alitamka bila kupepesa macho kwamba Nayler alimfufua alipokufa gerezani.

Kesi ikapelekwa Bungeni, jambo la ajabu kwa mkulima. Kwa siku kadhaa za Desemba wabunge waliacha shughuli nyingine, wakabishana kama mtu huyo amekufuru na kama anyongwe. Tunajua walivyofoka kwa sababu mmoja wao, Thomas Burton, aliweka shajara. Nayler alijitetea kwa utulivu: heshima ile haikuwa yake James, kiumbe wa udongo, ilikuwa ya Kristo aliye ndani yake, na safari ya Bristol ilikuwa ishara tu. Nasoma utetezi huo naona haupungui wala kuzidi fundisho la Fox hata kidogo. Hilo hasa ndilo lililowatisha.

Kura 96 dhidi ya 82 zilimwokoa na kitanzi, lakini si na mengine. Alisimamishwa kwenye mkatale, kisha akachapwa viboko 310 akipitishwa mitaa ya London. Siku tisa baadaye alitobolewa ulimi kwa chuma cha moto, na paji la uso likachomwa herufi B, ya mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya mkufuru. Rafiki yake Robert Rich alisimama kando yake muda wote. Halafu wakamrudisha Bristol, wakampandisha farasi akitazama mkiani, wakamchapa tena. Oliver Cromwell, mtawala wa nchi wakati huo, aliwaandikia wabunge kuuliza walipata wapi mamlaka ya hukumu ile. Nayler aliachiwa mwaka 1659. Mwaka uliofuata, akiwa njiani kurudi kwao, alivamiwa na wanyang'anyi na akafa.

Marafiki walijifunza, ingawa somo lenyewe linaweza kusomwa kwa namna mbili. Waliunda mikutano ya kila mwezi, wazee wa kupima kila aliyedai kuongozwa na Mungu, na kamati ya London ya kukagua maandishi kabla hayajachapwa. Tangu hapo nuru ya mtu mmoja ilibidi ithibitishwe na wenzake. Busara hiyo iliwaokoa na maangamizi. Iliwapa pia namna ya kumnyamazisha yeyote. Maandishi ya Nayler yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1716 tu.

Wamarekani watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, hawakuja na ukimya wa Fox. Walitoka katika tawi lililopitia uamsho wa karne ya 19, lenye wachungaji, nyimbo na mahubiri ya utakaso. Walijenga shule, hospitali na kiwanda cha kupasua mbao. Mtafiti wa Denmark, Ane Marie Bak Rasmussen, ambaye vitabu vyake vya mwaka 1995 na 1996 ndivyo ninavyovitegemea hapa zaidi, alikiona kiini cha mambo mahali ambapo wengi hupapita: mafundisho ya Roho yaliletwa na misheni yenyewe. Chilson ndiye aliyewahimiza waumini mwaka 1927 waungame dhambi na kumwomba Roho Mtakatifu. Roho aliposhuka kwa namna ambayo wazungu wengine hawakuitarajia, wakaipiga marufuku. Vijana kama Jakobo Buluku na Daniel Mundia walikataa kutii, sala zikahamia majumbani, na baada ya miaka kadhaa kukawa na makanisa kamili. Chilson mwenyewe alihamia Urundi, Burundi ya leo, mwaka 1934 na kuanzisha misheni ya Marafiki huko Kibimba.

Kanisa ambalo waasisi wake walitetemeka mbele ya mahakimu liliwafukuza waliotetemeka mbele ya madhabahu. Watetezi wa misheni husema vurugu zilikuwa nyingi mno, na huenda ni kweli. Hata Bristol kulikuwa na vurugu. Ila sioni kwa nini Mwafrika aliyeambiwa Mungu anaweza kusema ndani yake angesubiri ruhusa ya mmisionari ili amsikie.

Mwaka 1946 Marafiki wa Kenya walipata mkutano wao wa mwaka, yaani chombo chao cha kujitawala. Tangu miaka ya 1970 umegawanyika mara nyingi, na safari hii ugomvi ulikuwa zaidi wa viti kuliko wa Roho. Kaimosi ina chuo kikuu siku hizi. Ibada za Marafiki huko zinafanana na za Waprotestanti wengine: mchungaji, kwaya, mahubiri. Nuru ya ndani husikika kwa nadra mimbarini.

Kumbukumbu nyingi za misheni zilikwenda Marekani pamoja na wamisionari. Upande wa waliofukuzwa ulikaa zaidi midomoni, kwa watoto na wajukuu ambao nao sasa ni wazee. Kabla ya mwaka 2027 ingefaa kanisa lililobaki litume watu na vinasa sauti kwao, na safari hii lisikilize kabla ya kupima.