Mbawakawa wa Mara na Waliowapa Majina

Januari 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na kamati ya Wajerumani ya kupinga utumwa, aliondoka Tanga na msafara mkubwa wa wapagazi. Machi walikuwa wamefika Ngorongoro, kisha wakakatiza tambarare za Serengeti mpaka Ziwa Viktoria. Walipita wakati mbaya. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe kuanzia Umasaini hadi pande za ziwa, na Baumann ameandika juu ya watu waliokonda kwa njaa walioufuata msafara wake. Alipima milima, akachora mito, akataja makabila. Kule Berlin, watu wa makumbusho walisubiri kingine pia kutoka kwa misafara ya namna hiyo: chupa za pombe kali zenye wadudu ndani.

Nimefundisha biolojia katika shule za sekondari za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na ninapowafundisha wanafunzi habari za mbawakawa wa ardhini nawapeleka kwanza kwenye historia hii. Naamini jambo moja kwa dhati. Elimu ya kuwapanga wadudu hawa imejengwa juu ya viungo ambavyo mtoto yeyote wa Nyamwaga au wa Nata anaweza kuvishika na kuvihesabu, lakini kwa zaidi ya karne moja vimehesabiwa Ulaya, na majibu hayajarudi vijijini. Nataka yarudi.

Mbawakawa wa ardhini ni familia iitwayo Carabidae. Hadi sasa wataalamu wameeleza spishi zipatazo 40,000 duniani kote. Walio wengi ni wawindaji wa usiku, hukimbia kwa miguu, na mchana hujificha chini ya mawe, magogo na majani makavu. Kwetu anayejulikana zaidi kwa sura ni yule mkubwa mweusi wa jenasi Anthia, mwenye mabaka meupe au ya njano mgongoni, anayeonekana kwenye njia za ng'ombe mvua zikianza. Haruki kamwe. Yale mabawa yake magumu ya juu yameungana katikati, yamekuwa gamba moja. Ukimbana anainua kiuno na kurusha majimaji yenye asidi ya fomiki, asidi ile ile waliyo nayo baadhi ya sisimizi, tena kali kiasi cha kuchoma macho. Mchungaji wa Kikurya hahitaji darasa kujua kwamba mdudu huyu anaachwa apite, na mbwa wake akishapigwa mara moja naye anajua.

Shida huanza pale mwanafunzi anapoleta mdudu mwingine mweusi, mgumu, asiyeruka, wa ukubwa ule ule, akauliza: "Mwalimu, na huyu si ndiye?" Mara nyingi siye. Ni wa familia ya Tenebrionidae, wala makapi na mimea iliyooza, ambao nao wamejaa kwenye nyanda kavu. Kwa macho ya haraka wanafanana, na tofauti iko miguuni.

Hapo namlaza mdudu aliyekufa chali juu ya karatasi nyeupe, nampa mwanafunzi lenzi ya mkono. Ahesabu pingili za unyayo, yale mafundo madogo yanayofuatana mwishoni mwa mguu mpaka kwenye kucha. Mguu wa mbele: tano. Wa kati: tano. Wa nyuma: kama ni mbawakawa wa ardhini, tano tena. Kama ni Tenebrionidae, nne. Kisha apande juu kwenye kifundo mguu wa nyuma unapoungana na mwili. Kwa mbawakawa wa ardhini kipande hicho, koksa, hakijongei. Kimeshikamana na mwili na kimerefuka kuelekea nyuma hata kikaikata pingili ya kwanza ya tumbo pande mbili. Kando yake kuna kipande kilichovimba kama punje ya haragwe, trokanta, ambacho kwa wadudu wengine ni kidogo mno. Halafu arudi mguu wa mbele, atafute upande wa ndani wa goko. Humo mna pengo dogo lenye nywele ngumu zilizopangwa sawasawa. Mbawakawa hupitisha kipapasio chake katika pengo hilo, chote chenye pingili 11, na kutoa vumbi lililoganda. Mwindaji anayetegemea harufu na mguso gizani hawezi kuishi na vipapasio vichafu. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakikwepa biolojia wakishindania lenzi kwa ajili ya pengo hilo.

Hesabu hii ya nyayo ina umri. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden alipoorodhesha wanyama alitenga jenasi Carabus, lakini mpangilio wake wa mbawakawa ulitegemea zaidi vipapasio na mabawa. Mwaka 1762 daktari wa Paris, Étienne Louis Geoffroy, alitoa kitabu cha wadudu wa pande za mji wake ambamo mbawakawa walitengwa kwa idadi ya pingili za nyayo. Aliyeijenga familia yenyewe ni Pierre André Latreille, mwaka 1802, na kisa chake nawasimulia wanafunzi kila mwaka.

Latreille alikuwa padri. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alifungwa Bordeaux pamoja na mapadri wengine, akisubiri kupelekwa uhamishoni. Siku moja daktari wa gereza alimkuta ameinama akichunguza mbawakawa mdogo sakafuni, akashangaa mfungwa anashughulika na nini. Latreille alimweleza kwamba mdudu yule ni adimu. Daktari akampelekea mdudu huyo kijana wa mjini aliyependa elimu ya viumbe, Bory de Saint-Vincent, naye alilijua jina la Latreille. Kwa juhudi za watu hao padri aliachiwa. Mdudu aliyemwokoa anaitwa Necrobia ruficollis, anayeishi kwenye nyama kavu na mifupa, na si wa familia ya wale wa ardhini. Aliyeachiwa ndiye miaka michache baadaye aliyewakusanya mbawakawa wa ardhini chini ya jina moja. Mwaka 1806 Clairville, aliyeishi Uswisi, aliwaweka pamoja na jamaa zao waogeleao majini katika kundi kubwa zaidi, Adephaga, na ile koksa iliyokata tumbo ikaja kuwa alama kuu ya kundi hilo lote.

Afrika Mashariki iliingia katika vitabu hivyo kupitia Zanzibar. Baroni Carl Claus von der Decken alitoka huko mwaka 1861 na tena 1862 kwenda Kilimanjaro, na mwaka 1865 aliuawa kwenye mto Juba. Wadudu wa safari zake walifika Berlin, na mwaka 1873 Adolph Gerstaecker wa makumbusho ya mji huo alitoa juzuu zima lililowaeleza. Mwaka 1897 mwenzake wa baadaye, Hermann Julius Kolbe, alitoa kitabu cha mbawakawa wa koloni lote la Kijerumani. Wakati huo mstari wa mpaka uliokubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886 ulikuwa umeshapigwa kutoka pwani hadi ziwani, ukawakata Wakurya pande mbili, wengine Tarime na wengine upande ambao leo ni Kenya.

Mbawakawa waliokusanywa wana ushahidi wa mstari huo. Kila mmoja amechomwa pini, na chini yake kuna karatasi ndogo yenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Walioshikwa kusini ya mpaka wakati wa Wajerumani waliandikwa "D.O. Afrika", yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na wa kaskazini waliandikwa kwa jina la himaya ya Waingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wa kwetu wakawa wa "Tanganyika Terr.". Anthia asiye na mabawa ya kurukia amekuwa akivuka mpaka kwa miguu pale ulipo mji wa Sirari tangu kabla ya serikali zote hizo. Kwenye karatasi nyingi jina la mkusanyaji ni la Mzungu aliyeongoza msafara. Wapagazi, wapishi na watoto wa vijijini waliogeuza mawe na kuleta wadudu hawakuandikwa. Hilo linaniuma, kwa sababu katika sayansi karatasi ndiyo hati ya mdudu. Jina la spishi hufungwa kwenye kielelezo kimoja kilichohifadhiwa, na anayetaka kuhakikisha kwamba mdudu wake ni wa jina hilo hana budi kumlinganisha na kielelezo hicho. Kwa wadudu wetu wengi kielelezo kiko Berlin, Paris, London au Tervuren ya Ubelgiji.

Baada ya Wajerumani walikuja wengine. Mwaka 1911 na 1912 Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walizunguka Kenya na Kilimanjaro wakikusanya, hasa kwenye vilele vya milima, ambako waliwakuta mbawakawa wadogo wa ardhini waliopoteza mabawa na kubaki kila mmoja kwenye mlima wake. Jeannel alirudi na swali: spishi zinazofanana kwa nje kiasi hicho zitenganishwe vipi? Jibu lake lilikuwa kupasua mwili na kuchunguza kiungo cha uzazi cha dume, ambacho umbo lake hutofautiana kati ya spishi na spishi hata pale rangi na miguu vinapolingana. Njia hiyo inatumika mpaka leo. Katika vitabu vyake vya 1941 na 1942 aliipasua Carabidae kuwa familia nyingi, na wataalamu wengi waliomfuata wakazirudisha pamoja. Mwaka 1957 Wabelgiji Pierre Basilewsky na Narcisse Leleup walifanya safari nyingine kubwa, wakapita Kilimanjaro, Meru, Oldeani na Ngorongoro. Mizigo yao ilikwenda Tervuren, na Basilewsky akawa mwanazuoni mkuu wa mbawakawa wa ardhini wa Afrika.

Ukizifuata njia hizo kwenye ramani unaona zilivyopendelea milima mirefu, reli na bandari. Vilima vya Tarime, bonde la mto Mara na vijiji vya Ikoma viko pembeni. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951 na utafiti ukapata makao Seronera katika miaka ya 1960, macho yalikwenda kwanza kwa nyumbu, simba na nyasi.

Mjadala wa mpangilio haujafungwa. Mbawakawa wepesi wenye macho makubwa na mataya marefu, wanaokimbia mchana kwenye njia za mchanga, kwa muda mrefu walihesabiwa na wengi kuwa tawi la Carabidae. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 umewatenga kuwa familia yao wenyewe, Cicindelidae.

Viungo navyo vimeendelea kufichua mambo. Katika miaka ya 1990 Thomas Eisner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichunguza mbawakawa wa ardhini waliotoka Kenya, Stenaptinus insignis. Ndani ya tumbo la mdudu huyu kuna vifuko viwili vilivyopakana. Cha kwanza kina haidrokwinoni na haidrojeni peroksaidi. Cha pili, chenye kuta ngumu, kina vimeng'enya. Akishambuliwa anaruhusu kemikali za kifuko cha kwanza ziingie cha pili, zinachemka papo hapo na kutoka kwa mlipuko zikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Vipimo vya mwaka 1990 vilionyesha kwamba mnyunyizo mmoja kwa kweli ni milipuko mingi mifupi, ipatayo 500 kwa sekunde, na mapumziko mafupi kati ya milipuko hiyo humwokoa mdudu asijiunguze. Picha za 1999 zilionyesha ncha ya tumbo ikielekezwa hata kwenye mguu mmoja uliobanwa, hata juu ya mgongo.

Kuna mbawakawa mwingine wa Carabidae ambaye mkulima wa Mara angefaa kumjua kabla ya wote: wa jenasi Calosoma, anayekula viwavi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walisafirisha Calosoma kutoka Ulaya kwa makusudi ili wapunguze viwavi waliokuwa wakimaliza majani ya misitu yao. Sisi tuna viwavijeshi wa Afrika tangu enzi za mababu, na mwaka 2017 aina nyingine kutoka Amerika ilithibitishwa nchini. Dawa inayopulizwa shambani kuwaua huwafikia pia wanaowala, na mkulima anayeona mdudu mweusi akikimbia kati ya mashina ya mahindi humkanyaga akimdhani mharibifu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Tarime na Serengeti tuanze makusanyo ya shule. Ndani ya hifadhi hakichukuliwi kitu bila kibali, lakini mashamba na viwanja vyetu vinatosha kuanzia. Makopo ya plastiki yafukiwe usawa wa ardhi pembeni mwa shamba jioni, yakaguliwe asubuhi. Kila mdudu apate karatasi yenye jina la kijiji, tarehe, mahali alipokutwa na jina la mwanafunzi aliyemkamata, likiandikwa kamili. Wakipatikana wawili wa aina moja, mmoja abaki shuleni, mwingine apelekwe Makumbusho ya Elimu Viumbe Arusha. Bwana shamba wa kata akija na ushauri wa dawa, mwanafunzi afungue sanduku, ahesabu nyayo mbele yake, amwonyeshe ni yupi katika shamba lile anayekula viwavi, ili waamue pamoja wapulize lini na waache lini.