Gumegume, Fataki na Viasi: Majina ya Bunduki na Ushahidi wa Filamu za Kale

Mji wa Mlolongo, ulioko Machakos kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, ulipata jina lake kutokana na safu ndefu ya malori yaliyongoja zamu ya kupimwa kwenye mizani. Jina limehifadhi kile walichokiona wapita njia. Majina ya bunduki katika Kiswahili yaliundwa kwa njia iyo hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina hayo yanafaa katika kuzitambua bunduki za filamu za kale na kuupima ukweli wa filamu hizo kihistoria.

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, kwa mdeki. Magobori nayo hutofautishwa kwa namna ya kuwasha baruti. Ya gumegume hugonga jiwe kwenye chuma hadi cheche itoke. Ya fataki hugonga kifuniko kidogo chenye baruti kali. Bunduki ya viasi hujazwa kwa nyuma, na neno lenyewe ladokeza kwamba baruti yake imekwisha kupimwa. Ni dhahiri kwamba uainishaji huu haufuati jina la mtengenezaji wala nchi itokako silaha, bali utendaji wake. Na utendaji ndio unaoonekana katika picha.

Tuchukue mfano wa King Solomon's Mines (1950), filamu iliyotokana na riwaya ya Rider Haggard ya 1885. Ilipigwa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, Machakos ikiwamo, na matukio yake yamewekwa katika mwaka 1897. Mbele ya filamu ya namna hii, mchunguzi hana budi kuuliza: je, mpigaji ashindilia, au afungua bunduki kwa nyuma? Je, apiga mara mbili bila kushindilia tena? Kampuni kama Stembridge ya Hollywood na Bapty ya London zilikodisha silaha kwa watayarishaji wengi, hata bunduki moja ikahama kutoka filamu hadi filamu. Hivyo silaha yaweza kuishuhudia ghala kuliko zama zinazoigizwa. Katika Zulu (1964), inayosimulia mapigano ya 1879, maofisa wa Kiingereza wana bastola za Webley za toleo la sita, lililoanza kutumika jeshini mwaka 1915.

Jambo hili si la wapenda silaha peke yao. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Tofauti iliyomo katika msamiati wa Kiswahili ndiyo iliyokuwa mpaka wa mamlaka katika sheria. Filamu inayompa kila mwanakijiji wa miaka hiyo bunduki ya viasi huufuta mpaka huo. Na mfasiri anayeandika "bunduki" kila mahali huufuta mara ya pili.

Hata hivyo, hadhari yahitajika. Wapiganaji wa Mau Mau, ambao vita vyao viliigizwa katika Something of Value (1957), walijiundia bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Nyingi zilipiga risasi za kiwandani, kwa hiyo hazikuwa magobori kwa maana ya asili. Lakini katika matumizi ya leo neno gobori, au gobore, huitwa hata bunduki yoyote ya kienyeji. Neno lililotaja utendaji sasa lataja hadhi.

Kwa hiyo wanaotunga kamusi wanapaswa kuzitenga maana hizo mbili waziwazi, na kuyahifadhi majina ya gumegume, fataki na viasi pamoja na maelezo ya utendaji wake. Yakipotea, picha zitabaki, lakini msomaji wa Kiswahili atakuwa ameondolewa maneno ya kuzihoji.